Kadi Imechakachuliwa, Zawadi Tupu: Nani Alipe?

*Umelipa kaunta, umepewa risiti, zawadi umeipeleka kwa mbwembwe zote. Kumbe mwizi alishapita kwenye ile stendi kabla yako. Toka Maryland, Marekani, nakuletea kisa cha kadi za zawadi, marafiki walionuniana, na duka lililosema "hayatuhusu".*

Hebu niambie ukweli, mpenzi msomaji. Ukipewa zawadi ndani ya bahasha, unaifungua palepale mbele ya aliyekupa? Unahesabu noti huku yeye anakutazama? Thubutu! Sisi tumelelewa kupokea kwa mikono miwili, kushukuru na kuweka pembeni. Ukifika chumbani ndiyo unachungulia. Na ukikuta ndani kuna kidogo kuliko ulivyotegemea, unameza mate na kunyamaza. Anayelalamikia zawadi huonekana hana adabu.

Ni adabu nzuri na mimi nawafundisha watoto wangu hivyo hivyo. Lakini wapo watu ambao wamegundua kwamba kati ya anayetoa na anayepokea kuna kimya, na kimya hicho kinaweza kumfichia mwizi njia kwa wiki nyingi. Huku Marekani wanakitumia vizuri sana. Chombo chao cha kazi ni kadi ya zawadi.

Vocha yenye suti

Kwa wale ambao hamjazizoea, kadi ya zawadi ni kadi ya plastiki au karatasi ngumu yenye ukubwa wa kadi ya benki. Utaikuta inaning'inia kwenye stendi karibu na kaunta, pembeni ya bazoka na magazeti. Zipo za aina mbili. Moja ni ya duka au kampuni fulani tu: ukipewa, unakwenda kununua hapohapo. Nyingine ina nembo ya Visa au Mastercard, hiyo unatumia karibu popote, na aghalabu mnunuzi hutozwa ada ya dola kadhaa juu ya thamani yake.

Ikiwa bado stendini, kadi haina hata senti. Unaipeleka kaunta, unalipa, keshia anaipitisha kwenye mashine, na hapo ndipo inawashwa na kuwa na pesa. Kumbuka zile vocha za simu za kukwangua. Ni ndugu yake huyu, tofauti ni kwamba amevaa suti.

Ila kuna tofauti nyingine kubwa. Vocha ulinunua, ukakwangua na kuingiza namba muda uleule, na kama ilikuwa kimeo unageuka kwa muuza duka kabla hujatoka barazani kwake. Kadi ya zawadi huwashwa na mtu mmoja leo, ikakabidhiwa mwingine keshokutwa, naye akaja kuitumia mwezi ujao. Muda wote huo pesa imelala juu ya namba zilizochapwa kwenye kadi. Yeyote mwenye namba hizo ndiye mwenye pesa.

Wamarekani wamezizoea tangu miaka ya 1990. Sisi wageni tumezipenda kwa sababu zinatuondolea kazi ya kukisia: hujui saizi ya kiatu cha mtu, hujui jikoni kwake kunakosekana nini, basi unampa kadi, achague mwenyewe.

Nilicheza na bahasha tupu

Novemba 2023 shoga yangu mmoja hapa Silver Spring alifanyiwa kitchen party. Baba watoto akasema tusibabaike na masufuria, maharusi watahamia kwenye nyumba mpya, tuwape kadi wakanunue wanachotaka. Alhamisi tukaingia kwenye duka kubwa moja la mtaani kwetu (jina naliweka kapuni), tukachukua kadi ya dola 200. Tukalipa kwa kadi ya mkopo ya mume wangu, pamoja na ada yake. Risiti tukapewa, tukaihifadhi.

Jumamosi ndiyo shughuli. Mnajua wenyewe kitchen party zetu, zawadi haikabidhiwi kimyakimya. Muziki unapigwa, unatoka kwenye meza yako unacheza mpaka mbele, mshereheshaji anatangaza umeleta nini. Nikacheza, bahasha juu, vigelegele vikapigwa. "Dola mia mbili!" akatangaza mama wa watu. Nikarudi kukaa huku nimejisikia.

Baada ya hapo shoga yangu akapoa. Simu anapokea, lakini majibu ni ya mkato. Kikao cha familia baada ya harusi sikuitwa. Nikajua ndiyo mambo ya ndoa mpya, mtu ana majukumu. Kumbe sivyo. Katikati ya Januari shosti wa tatu ndiye aliyenitolea uvivu: "Dada, samahani, lakini watu wanasema mlitoa kadi haina kitu."

Niliona dunia inazunguka. Nikafunga safari mpaka kwa bibi harusi, nikamuuliza mwenyewe. Alikuwa amekwenda kununua seti ya sufuria mwezi wa Desemba, yupo na mama yake mzazi aliyekuja toka Dar es Salaam kwa ajili ya harusi. Keshia akapitisha kadi, mashine ikakataa. Akapitisha tena, ikakataa. Foleni nyuma inaguna. Akaangalia salio: sifuri. Mama akamwambia mwanangu acha, rudisha sufuria, tuondoke.

"Ningekuambiaje, dada?" akaniuliza. "Nikupigie simu niseme zawadi yako ni tupu? Nikasema labda mlikwama, mkaona aibu kuja mikono mitupu."

Hebu pima maneno hayo. Alichagua kuamini kwamba tumefanya usanii mbele ya watu, akatusamehe moyoni mwake, na akakaa mbali na sisi. Alikuwa ananistahi. Na wakati anatustahi, mwizi alikuwa anazidi kutokomea.

Kadi alikuwa bado anayo. Tukapiga namba ya simu iliyoandikwa nyuma, tukasikiliza muziki wao mpaka masikio yakachoka, hatimaye tukaambiwa: kadi iliwashwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na kabla ya saa mbili usiku ilikuwa imeshatumika yote, kwenye duka lililoko California. Sisi tupo Maryland, ng'ambo ya pili ya nchi. Maana yake siku ya kitchen party nilicheza na bahasha ambayo ilikuwa tupu tangu juzi yake.

Mchezo unachezwaje?

Huku wanauita kukausha kadi. Hakuna anayevunja mlango wala kuchomoa pochi ya mtu.

Kwanza, mwizi anaingia dukani kama mteja na kubeba kadi kutoka stendini, wakati mwingine bunda zima. Keshia hashtuki, maana kadi isiyowashwa haina thamani, ni sawa na kubeba vipeperushi.

Pili, huko alikokwenda anafungua pakiti taratibu, anakwangua ule utepe wa rangi ya fedha, ananakili namba ya kadi na namba ya siri. Halafu anabandika utepe mpya. Stika za namna hiyo zinauzwa waziwazi kwenye intaneti kwa bei ya kutupa. Anagundisha pakiti vizuri, ukiiangalia haraka hutagundua kitu.

Tatu, anazirudisha stendini. Ndiyo, anarudi dukani na kuzitundika palepale, mbele ya kamera na walinzi. Duka lina ulinzi dhidi ya watu wanaotoa vitu, nani analinda dhidi ya anayeingiza?

Nne, anasubiri. Programu ya kompyuta inauliza salio la namba zile tena na tena, usiku na mchana. Siku wewe unalipa na keshia anawasha, programu inaona pesa imeingia. Kabla hujafika nyumbani imeshatoka.

Kuna na mtindo mwingine: mwizi anabandika juu ya pakiti ile mistari myeusi inayosomwa na mashine, iliyotoka kwenye kadi ambayo anayo yeye mfukoni. Keshia anadhani amewasha kadi yako, kumbe amewasha ya mwizi. Yako inabaki plastiki tu.

Msidhani hawa ni vijana wawili watatu wa kijiweni. Mwishoni mwa 2023, kitengo cha upelelezi cha Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani kilianzisha operesheni maalumu iitwayo Project Red Hook kwa ajili ya wizi huu, kikisema nyuma yake kuna mitandao ya kimataifa yenye mizizi China. Kwa maelezo ya wapelelezi, pesa zinazokaushwa hununua vitu vinavyouzika haraka, hasa vifaa vya elektroniki, ambavyo vinasafirishwa nje na kugeuzwa fedha taslimu.

Na usichanganye na ule utapeli mwingine wa kupigiwa simu: "Unadaiwa kodi, nenda kanunue kadi za zawadi unisomee namba." Huo nao ni balaa. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliripotiwa hasara za dola milioni 217 zilizolipwa kwa matapeli kupitia kadi za namna hii mwaka 2023 peke yake. Lakini kule mtu anadanganywa na kutoa namba mwenyewe. Huku kwenye kukausha, mteja ananunua kihalali, dukani, kaunta, kwa risiti.

"Sisi tunauza tu"

Turudi kwetu. Tulikwenda dukani mimi na mume wangu, risiti mkononi, kadi mkononi. Meneja alikuwa mpole, sitamsingizia. Lakini jibu lake lilikuwa moja: sisi tunauza tu, kadi si yetu, pigeni namba ya nyuma. Akatuonyesha maandishi madogo chini ya risiti kwamba kadi za zawadi hazirudishwi.

Kampuni ya kadi nayo ikasema jazeni fomu, tumeni picha ya kadi na risiti, subirini. Tukasubiri. Mwezi Machi wakajibu: kadi ilitumika kwa namba sahihi na namba ya siri sahihi, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Bila shaka namba zilikuwa sahihi! Mwizi alizinakili kutoka kwenye kadi yao, ikiwa imetundikwa kwenye duka la mwenzao.

Kilichotuokoa ni kwamba tulilipa kwa kadi ya mkopo. Sheria ya Marekani ya tangu 1974 inampa mwenye kadi ya mkopo nafasi ya kupinga malipo ya kitu ambacho hakukipata kama walivyokubaliana. Inatakiwa aandike ndani ya siku 60 tangu alipotumiwa taarifa ya malipo hayo. Mume wangu aliandika mwishoni mwa Januari, na benki ikatusikiliza. Ninao ninaowafahamu ambao benki zao ziligoma. Na kama tungelipa taslimu, hadithi ingeishia kwa meneja mpole.

Sasa twende taratibu hapa, maana hapa ndipo penye kiini.

Mtu akiiba kadi yako ya benki ya kawaida, sheria za Marekani zinaweka kikomo cha hasara yako: ukiwahi kutoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ulipojua, hupotezi zaidi ya dola 50. Kadi ya zawadi isiyo na jina la mtu imeachwa nje ya kinga hiyo. Sheria ya mwaka 2009 ililazimisha pesa iliyomo kwenye kadi ya zawadi iishi angalau miaka 5. Jambo jema, lakini iliilinda pesa isife kwa uzee, haikuilinda isiibiwe.

Kwa hiyo mteja amekaa katikati ya watu wawili wanaorushiana mpira. Duka linapata kamisheni kwa kila kadi inayouzwa. Kampuni ya kadi inapata ada, na kuna pesa nyingi tu ambazo watu husahau kuzitumia. Wote wawili wanakula. Likitokea la kutokea, hakuna mwenye sahani.

Wenye maduka wana hoja yao, na ni haki kuisema. Wanadai hawawezi kujua kama mteja kweli ameibiwa au ametumia pesa mwenyewe na sasa anataka kulipwa mara mbili. Ni kweli, wapo wateja wajanja. Lakini mbona vielelezo vyote wanavyo wao? Saa ambayo kadi iliwashwa, wanayo. Mahali ilipotumika, wanapo. Kama namba ya kadi ilikuwa inaulizwa salio wakati kadi bado haijauzwa, kompyuta zao zimeona. Kamera za dukani ni zao. Mimi nina kitu kimoja tu: risiti. Katika watu watatu, anayejua kidogo kuliko wote ndiye anayeambiwa athibitishe.

Na tukubaliane jambo moja la kawaida kabisa. Ukienda gengeni ukauziwa nazi, ukaipasua mbele ya muuzaji ukakuta imeoza, anakubadilishia. Hakuambii "mimi siyo mnazi". Aliyeweka bidhaa mezani na kupokea pesa ndiye wa kwanza kujibu, halafu yeye atajuana na aliyemletea. Duka ndilo linaloamua stendi ikae wapi, nani aikague, na pakiti za aina gani zikubaliwe. Mteja haamui hata kimoja.

Maryland wameamka

Siyo mimi peke yangu niliyechoka. Novemba hiyohiyo ya 2023, David Chiu, mwanasheria wa Jiji la San Francisco, aliifungulia kesi kampuni ya InComm inayohusika na kadi za Vanilla. Jiji lilidai kwamba kampuni ilijua kwa miaka mingi pakiti zake ni rahisi kufunguliwa, haikuzirekebisha, na waliolizwa walipoomba pesa zao wakazungushwa. Madai ni madai, si hukumu. Lakini ofisi ya serikali kusema hadharani kwamba tatizo linaanzia kwenye pakiti, hilo ni jambo kubwa.

Hapa kwetu Maryland, mwaka 2024 gavana Wes Moore alisaini sheria ya kuzuia utapeli wa kadi za zawadi, iliyoelezwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Ilianza kazi tarehe 1 Juni 2025. Inataka kadi ziuzwe ndani ya pakiti inayoficha namba na inayoonyesha wazi kama imefunguliwa, na inataka wafanyakazi wa duka wafundishwe kuutambua utapeli huu. Ina misamaha kwa aina fulani za kadi, lakini imesema kitu ambacho meneja wetu hakutaka kukisikia: kadi ikiwa kwenye stendi yako, usalama wake ni kazi yako pia.

Kinachonikera ni kwamba pakiti ngumu haimrudishii pesa aliyeibiwa. Inampunguzia mwizi nafasi tu. Mimi ningependa sheria iseme sentensi fupi: mteja akileta kadi na risiti, na kumbukumbu zikaonyesha kadi ilikaushwa mbali na alipo, arudishiwe pesa au kadi mpya, kaunta, siku chache. Duka na kampuni wakamalizane nyuma ya pazia.

Na huko nyumbani?

Najua msomaji wa Dar au Nairobi anasema hayo ni ya Ulaya na Marekani, sisi tuna simu zetu. Ni kweli, na kwa hili tumewapita. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ukimtumia mtu pesa, ujumbe unafika kwake na kwako muda uleule. Aliyetuma anajua imefika, aliyepokea anajua ni kiasi gani. Kile kimya cha kwenye bahasha hakipo.

Lakini vocha za manunuzi zipo. Waajiri wengi Nairobi huwapa wafanyakazi vocha za supamaketi sikukuu zikikaribia, na maduka ya Dar nayo yanazidi kutoa za kwao. Vocha ya namna hiyo ikigoma kaunta, usikubali kuambiwa "nenda kwa aliyekupa". Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na FCC na inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Haki hizo hazifanyi kazi zikikaa kimya kabatini.

Na kama una ndugu ughaibuni anakutumia namba za kadi ya zawadi kwa simu, kisha ukazikuta hazina kitu, usikimbilie kusema "kaka amebadilika tangu aende huko". Muulize kwanza.

Kwa wapendanao

Hili nalisema kwa wachumba, wanandoa na marafiki. Wizi huu unakula pesa mara moja, lakini unakula uaminifu kila siku ambayo watu hawajaulizana. Hebu fikiria kaka wa watu anampa mchumba wake kadi siku ya wapendanao, binti anakwenda saluni na rafiki zake, mashine inakataa. Atamwambia? Wengi hawamwambii. Wanaweka moyoni, siku ya ugomvi ndiyo linatoka: "Na wewe na kadi yako feki!"

Kumwambia mtu "kadi yako imegoma, nadhani umeibiwa" siyo kumdai zawadi. Ni kumfanyia hisani, kwa sababu yeye ndiye mwenye risiti na yeye ndiye aliyelipa. Wewe usiposema, hakuna mwingine atakayejua. Na wewe uliyetoa, usione haya kuuliza baada ya siku mbili tatu: "Vipi, kadi ilifanya kazi?" Hujisifu, unalinda pesa yenu.

Shoga yangu na mimi tuko sawa sasa. Dola 200 zilirudi, tukamnunulia zile sufuria tukampelekea mkononi. Ila wiki zile kati ya Desemba na Januari, na yale yaliyosemwa nyuma ya mgongo wangu, benki haikuwa na namna ya kuyarudisha.

Ukinunua, ukipewa: fanya hivi

*Kabla hujalipa.* Papasa pakiti kwenye kingo. Ikiwa imechanika, ina gundi inayonata au stika juu ya stika, iache na mwonyeshe mhudumu. Kwangua kwa macho tu: utepe wa fedha uwe umelala sawasawa, bila kona zilizonyanyuka. Linganisha namba za nje ya pakiti na za kwenye kadi kama zinaonekana.

*Chagua pa kuchukulia.* Kadi zinazokaa nyuma ya kaunta ni ngumu kuchezewa kuliko za kwenye stendi iliyo wazi. Kadi inayotumwa kwa barua pepe moja kwa moja kutoka kwa kampuni haipiti stendini kabisa.

*Lipa kwa njia yenye mtetezi.* Kama upo Marekani na una kadi ya mkopo, tumia hiyo, si taslimu.

*Tunza ushahidi.* Piga picha kadi mbele na nyuma pamoja na risiti, kisha weka nakala ya risiti ndani ya bahasha ya zawadi. Usiogope kwamba unaonyesha bei, kadi yenyewe imeandikwa thamani.

*Ukipewa, usiilaze.* Angalia salio siku hiyohiyo kupitia namba au anuani iliyochapwa kwenye kadi, siyo unayoikuta kwa kutafuta ovyo kwenye intaneti, maana kuna kurasa za matapeli zinazovizia namba zako. Halafu itumie mapema.

*Ikigoma.* Mwambie aliyekupa siku hiyohiyo. Pigeni simu kampuni ya kadi, ombeni kwa maandishi saa na mahali ilipotumika. Nendeni dukani na risiti mkaonane na meneja. Mkizungushwa, pelekeni malalamiko FTC na kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lenu. Malalamiko ya watu wengi ndiyo yanayozaa kesi na sheria.

Na kwa wenye maduka wanaosoma gazeti hili, hapo ulipo na huku nilipo: mteja akirudi na kadi tupu na risiti yenye jina la duka lako, usimwonyeshe namba ya nyuma ya kadi. Pesa yake aliiacha kwako. Anza wewe.